Siku Kodi ya Bia Ilipopanda, na Hisa Zetu Zikapanda Nayo

Mume wangu alipopunguzwa kazi kwenye ghala la ushirika, watu walishampangia kiinua mgongo chake kabla yeye mwenyewe hajakaa chini kufikiri. Jirani alisema anunue mashine ya kusaga. Padri wetu alimshauri kwa upole anunue ng'ombe wa maziwa. Mimi nilisema bati. Nyumba tuliyokuwa tunaishi ilikuwa mali ya ushirika, na ushirika wenyewe ulikuwa unauzwa vipande vipande kama mbuzi wa sikukuu, huyu kachukua ghala, yule kachukua lori, mwingine kaondoka na mizani. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa zinasubiri zamu yake. Sisi tulikuwa na kiwanja chetu Katandala, hapa hapa Sumbawanga, na kuta za tofali za kuchoma zilikuwa zimeshasimama. Kilichobaki ni kuezeka. Kuta bila bati huku kwetu ni zizi tu, tena zizi baya, maana hata mbuzi hatakubali kulala humo mvua zikianza.

Yeye akaenda benki, akajaza fomu, akanunua hisa. Tena si hisa za kitu kingine chochote. Za kiwanda cha bia.

Hapa lazima niseme mimi nilikuwa nani, la sivyo hamtaelewa kwa nini niliweka sufuria chini nikashika kiuno. Mimi nilikuwa mpika pombe. Nilisoma kwa masista mpaka darasa la nne, nikajua kusoma misale na kuandika jina langu, mengine yote nilifundishwa na ulezi. Kimpumu changu kilijulikana. Unaloweka ulezi, unauacha uote, unauanika, unausaga, unapika, unasubiri. Mtu akija unamwekea chungu, unamimina maji ya moto, anachomeka mrija wake. Juni upepo wa Ufipa ukikata masikio, hakuna chupa ya bia duniani inayoweza kumpa mtu joto lile. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba pesa za bati zimekwenda kwenye kiwanda cha bia, nilimwambia hivi:

"Yaani umeoa mpika pombe, halafu umeenda kumletea mke mwenza wa chupa?"

"Mama watoto, sikununua pombe. Nimenunua kipande cha kiwanda."

"Kipande gani? Cha mlango? Cha bomba?"

Akafikiri. Mume wangu alikuwa mtu wa mizani, hapendi kusema kitu asichokipima. "Kipande cha kila kitu," akasema.

Nilimcheka, lakini neno lile lilinikaa. Nilikuwa nikikoroga chungu nafikiri, kuna mahali sijawahi kufika, kuna moshi unatoka kwenye bomba refu, na katika moshi ule kuna kaupepo kamoja ka kwangu. Mkinywa bia kwenye arusi huko Mwanza, mnaninywea mimi bila kujua. Nilianza kuwatazama vijana waliokuwa wanapita na chupa zao sokoni kwa jicho lingine. Siku moja nilimwambia mmoja, "Kunywa, mwanangu, kunywa," naye akashangaa, maana mama zake wote walikuwa wanamwambia aache.

Karatasi za hisa hazikukaa kwetu. Mdogo wangu wa kike ana mtoto Dar es Salaam, wakati ule alikuwa tarishi kwenye ofisi ya madalali wa hisa. Mume wangu alimtumia karatasi zote zikiwa zimesainiwa, akamwambia, "Kaa nazo. Siku nikikuambia uza, uza." Kilichobaki ni neno tu. Na neno lenyewe lilikuwa linapita kwenye simu ya posta, mlango wa mbao uliokuwa haufungi, watu wamepanga foleni nje wanasikiliza mambo ya nyumbani kwako kama misa.

Basi. Mwaka wa kwanza bei ilikwenda kidogo kidogo juu, mume wangu akawa mtu wa redio. Mwaka uliofuata mambo yakaharibika. Mvua zilichelewa, halafu zikaja zote kwa pamoja zikabomoa barabara ya Tunduma. Mahindi yakawa mabaya. Redio ikasema watu hawana pesa mifukoni, jambo ambalo sisi tulilijua bila redio. Kiwanda chetu, nakiita chetu, kikatangaza kwamba kinapunguza wafanyakazi. Halafu ukaja uvumi kwamba bajeti ya Juni itapandisha kodi ya bia, na siyo kidogo. Kila wiki mtoto wa mdogo wangu alikuwa anatuambia bei imeshuka tena.

Na katikati ya hayo, akaja mtu na barua ya mwenye nyumba mpya. Nyumba yetu imeshanunuliwa. Tukae mpaka kiangazi kiishe, mvua za kwanza zisitukute ndani.

Nikamwambia mume wangu, "Uza sasa, kabla hatujabaki na karatasi za kufungia karanga."

Akasema, "Hapana. Wewe umelima ntumba tangu utoto, hujui hili?"

Ntumba ni yale matuta yetu. Mvua zikikaribia kuisha unakata nyasi, unazilaza, unazifunika kwa udongo, unafanya tuta la mviringo kama kichuguu. Mgeni akipita anafikiri ni makaburi. Nyasi zinaoza humo ndani, na mvua za mwaka unaofuata zikifika unabomoa tuta, unatandaza, unapanda ulezi. Ukilifukua kabla ya wakati kuangalia kama limeoza, umeliharibu.

"Hisa ni tuta," mume wangu akasema. "Huko ndani kunaoza. Acha kuoze."

"Tuta linabomolewa mvua zikija," nikamwambia. "Na mvua zikija sisi tutakuwa nje. Na wewe utalala kwenye tuta?"

Tulinuniana. Katika nyumba ya watu wawili, watoto wakiwa wameshaondoka, kununa ni kazi, mtu hana pa kwenda, mnapishana kwenye mlango wa jiko kama wageni wa basi moja. Mwishowe padri, ambaye hakuwahi kuacha mambo ya ng'ombe wake wa maziwa, alituita akasema tukubaliane jambo moja. Tukakubaliana. Tusubiri bajeti. Bajeti ikisomwa, iwe heri au shari, siku soko lao la hisa litakapofunguliwa tunauza zote, tunanunua bati tutakazopata, hata kama ni za chumba kimoja. Mume wangu alikubali kwa sababu alitumaini kodi haitapanda. Mimi nilikubali kwa sababu nilijua itapanda. Serikali ikitaka pesa inakwenda kwa mnywaji, hata zamani za mkoloni, mama yangu aliniambia.

Bajeti ikasomwa. Wanywaji wangu walikuwa wamezunguka vyungu viwili uani, redio iko dirishani. Mzee mmoja akawa anatafsiri kila neno kama tuko Ulaya. Ikafika kwenye bia. Imepanda.

Uani kukapigwa kelele ya furaha. Lazima niwe mkweli, mimi pia moyo uliruka, maana bia ikipanda, watu wanarudi kwenye kimpumu. "Mama, sasa wote wa baa watahamia kwako!" wakasema. "Ongeza vyungu!" Halafu nikamwona mume wangu. Alikuwa amekaa kwenye gogo pembeni, mikono kwenye magoti, anaangalia kuta za jirani. Nikazikumbuka bati zake, na zangu, zikipaa. Yaani wakati ule ule pombe yangu ilikuwa inapata na hisa zetu zinapoteza, katika uwanja mmoja, mimi sikujua nicheke upande upi wa uso.

Soko lilipofunguliwa nilikwenda posta mimi. Yeye alisema hana nguvu ya kusikia. Nilikuwa nimejifunga khanga mbili kwa ubaridi, nimepanga foleni nyuma ya mwalimu na mfanyabiashara wa maharage wa Mwimbi aliyekuwa akigombana kwenye simu na mtu wa Tunduma juu ya magunia. Zamu yangu ikafika.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umeshasikia bajeti?"

"Nimesikia."

"Basi uza. Uza zote. Bei yoyote. Hatutaki kuulizwa."

"Mama mkubwa, subiri nikuambie. Imepanda."

"Najua imepanda! Redio nimesikiliza. Kodi imepanda, ndiyo maana nakuambia uza."

"Siyo kodi. Kodi imepanda, na bei ya hisa nayo imepanda. Asubuhi hii. Imepita pale ilipokuwa kabla ya uvumi."

Nyuma yangu mtu mmoja kwenye foleni akakohoa.

"Mwanangu, mimi ni mtu mzima. Nimekuchambisha wewe. Usinifanyie mchezo kwenye simu ya kulipia."

"Haki ya Mungu, mama mkubwa! Hata hapa ofisini wananitania. Wanasema, wewe si mtu wa Sumbawanga? Kawaambie ndugu zako waache kuroga, habari mbaya hivi na bei inapaa."

"Waambie hatujaroga bado," nikasema. "Nani ananunua? Kwani huko hamna redio?"

Akacheka. Akanieleza, na nitasimulia alivyonieleza kwa kadiri nilivyobeba kichwani kutoka posta mpaka nyumbani, maana simu ilikuwa inakata. Alisema watu waliogopa kodi kwa miezi. Kila aliyeogopa alikuwa ameshauza. Ndiyo maana bei ilikuwa inashuka, siyo siku ya bajeti, bali siku zote za uvumi. Watu walikuwa wameshaogopa kodi kubwa kuliko iliyokuja. Ilipokuja ile ndogo kidogo, mwoga hakuwa na kitu tena cha kuuza, na aliyekuwa na pesa zake pembeni akasema, kumbe ni hii tu? Akaingia kununua. Wakaingia wengi, na wauzaji hawapo. Halafu akasema tena kwamba benki nazo zimeshusha faida ya kuweka akiba, kwa hiyo wenye pesa hawataki kuzilaza huko.

"Na lingine," akasema, sauti imepungua. "Kiwanda kikipunguza watu, gharama zinapungua. Wenye hisa wanapenda hiyo."

Simu ikakata hapo hapo.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, polepole. Sijui kama nitaweza kueleza nilivyojisikia. Nimeona mambo. Nimeona ziwa Rukwa likirudi nyuma mpaka watu wakalima mahali walipokuwa wanavua. Nimemwona Papa kwa mbali, au gari lake. Lakini jambo hili lilikuwa halina sura. Watu wasiojuana, wamekaa mbali mbali, kila mmoja na hofu yake na njaa yake ya mali, hakuna aliyewaita kwenye kikao, na katikati yao inatokea bei moja, nayo inajua. Bei ile ilikuwa imeshalia kabla ya msiba. Msiba ulipofika ikawa imeshajipangusa uso. Sisi tulikuwa tunasikiliza redio kujua yatakayotokea, kumbe redio ilikuwa inatusomea yaliyokwisha kuogopwa. Nilisimama kwenye daraja la mtoni nikatikisa kichwa peke yangu mpaka mtu mmoja wa baiskeli akashuka akaniuliza kama naumwa.

Uani nilimkuta mume wangu na Msukuma mmoja mwenye ng'ombe wengi njia ya Mpui, mteja wangu wa siku nyingi. Alikuja Ufipa na mifugo yake akiwa kijana, sasa ana wajukuu. Alikuwa anakunywa kimpumu huku anakitukana, akisema hiki ni uji uliokasirika. Niliwaeleza wote wawili. Mume wangu alinifanya nirudie.

Msukuma akatoa mrija mdomoni. "Mbona ni kama mnadani," akasema.

"Mnadani wapi?"

"Mwaka ule mvua zilipokataa. Ng'ombe wanakonda, kila mtu anapeleka mnadani, bei inashuka, inashuka. Siku redio iliposema mvua bado, mimi nilinunua. Na wengine walinunua. Bei ikaanza kupanda siku ile ile, watu wakatuita wendawazimu."

"Ulijuaje mvua zitakuja?" mume wangu akauliza.

"Sikujua! Nilijua wenye kukata tamaa wamekwisha. Yule ng'ombe aliyebaki mnadani alikuwa wa mwenye roho ngumu. Halafu, mzee, mimi sikununua yule mkondefu uliyekuwa unamwona wewe. Nilinunua ng'ombe wa masika, ambaye alikuwa bado ndani ya yule mkondefu."

"Na wote walipona?"

"Wawili walikufa kabla sijafika nao nyumbani," akasema, akarudisha mrija mdomoni. "Mke wangu mpaka leo ananisema."

Mimi niliduwaa. Ng'ombe wa masika ndani ya mkondefu. Basi kuna watu huko Dar es Salaam walikuwa hawaangalii bia ya mwezi huu, ya mvua mbovu na mifuko mitupu. Wanaangalia bia ya mwaka kesho, ya mavuno na arusi, wanainunua leo ikiwa bado haijapikwa, na ulezi wake, samahani, shayiri yake, bado haijapandwa. Nilitaka kumwuliza mtu, wanaionaje? Wanatumia jicho gani? Mimi nikionja kimea najua pombe itakavyokuwa keshokutwa, siyo mwaka kesho.

Mume wangu alikuwa na furaha, niliiona inampanda kutoka miguuni. Alianza kusema, "Si nilikuambia? Tuta! Sasa tungoje kidogo, mama watoto, ikipanda hivi mpaka Septemba tutaezeka na kuweka dari, tutaweka na saruji…" Alikuwa ameanza kupanga na veranda. Na mimi, nikiri, nilikuwa nimeshaanza kuiona veranda. Ahadi yetu mbele ya padri ilikuwa inayeyuka mbele yetu wote wawili, kwa hiari.

Ndipo nikakumbuka neno la mwisho la simu. Sikulisema kwa ubaya. Nililisema kwa sababu nilikuwa naeleza yote. "Mtoto anasema lingine lililopandisha ni kwamba kiwanda kimepunguza watu. Wenye hisa wanapenda hivyo."

Msukuma akaendelea kunywa. Mume wangu akakaa kwenye gogo.

Mtu asiyemjua angedhani hakusikia. Lakini mimi nilikuwepo siku waliyompunguza yeye. Walisimamishwa mstari mbele ya ghala, wazee wa miaka mingi, wakasomewa majina na mtu kutoka mkoani ambaye hakuvua hata koti. Alirudi nyumbani akakaa kwenye gogo lile lile, akaniuliza kama kuna maji ya kuoga, akaoga mchana, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

"Wenye hisa ni sisi," akasema.

"Na sisi tumo," nikasema.

"Yaani kuna watu wamesomewa majina huko kiwandani, na mimi nilikuwa nataka kuweka veranda."

Msukuma, ambaye huwa ana jibu kwa kila kitu, alichungulia chungu kama vile kuna kitu kimeanguka ndani. Nilimwona mume wangu anapima kitu, vile alivyokuwa akipima gunia, anaangalia mshale, anasubiri utulie.

"Nenda kesho umwambie auze," akasema. "Zote, kama tulivyosema."

"Bei inapanda."

"Nimesikia inapanda. Hicho ndicho kinachonitisha. Ina akili kuliko mimi, na mimi sitaki kukaa nayo nyumba moja."

Nilikwenda posta. Mtoto wa mdogo wangu aliniomba nifikirie, akasema mama mkubwa, wenzenu wananunua leo, nyie mnauza. Nikamwambia baba yako mkubwa amesema, naye ameshapima. Akauza.

Bati zilikuja kwa lori kutoka Mbeya, za nyumba nzima, siyo chumba kimoja, na pesa ya misumari na milango miwili ikabaki. Mafundi walizigongelea kwa siku chache, kiangazi kikiwa katikati, jua linazipiga mpaka huwezi kutazama juu bila kufumba jicho. Tulihamia bila dari, bila sakafu, vumbi mpaka kwenye vifundo vya miguu. Wala hatukuwa wa kwanza Katandala kuishi hivyo.

Hisa ziliendelea kupanda baada ya sisi kutoka. Nilijua, kwa sababu mtoto alikuwa ananiambia bila kuulizwa. Mume wangu akiambiwa alikuwa anasema "Ahaa," kama mtu anayeambiwa habari za shemeji wa mbali. Mimi ndiye sikutulia. Sikulilia pesa, hapana. Nilikuwa nawaza yule mtu aliyenunua za kwetu. Lazima yupo. Siku ya habari mbaya, mtu mmoja ambaye hajawahi kusikia jina langu alinyoosha mkono akachukua karatasi zetu, kwa bei nzuri, akatupa paa. Aliona nini? Krismasi mtoto alipokuja kutusalimia, nilimwuliza.

"Hatujui, mama mkubwa. Inaweza kuwa mwalimu wa Moshi. Inaweza kuwa Mzungu. Inaweza kuwa watu kumi, kila mmoja kachukua kidogo."

"Na wao wakiuza, atanunua nani?"

"Mwingine."

"Na siku wakikosekana wengine?"

Kijana wangu wa ofisini akanitazama, akainua macho kwenye bati. Nje mvua ya Desemba ilikuwa inashuka kwa nguvu zake zote juu ya bati, hatukuweza kusikilizana vizuri, nikamsogezea kiti karibu ili anijibu.